Hajatikisa Kikombe

Shoga yangu mmoja anayekaa Mawaleh, hapa hapa Maskati, kanipigia simu juzi, furaha imemjaa mpaka sauti inampaa. Mumewe kawakatia likizo ya Tunisia, hoteli ya ufukweni, kula na kulala humo humo. "We ushakwenda," akaniambia. "Hebu nieleze basi, tutarajie nini?"

Haya, nikamweleza. Nikamwambia, tarajia kuvishwa bangili ya plastiki ukifika tu, na usiivue mpaka siku ya kuondoka, uoge nayo, usali nayo, ndiyo inayokulisha. Tarajia vyakula vimepangwa mpaka macho yachoke kabla ya tumbo, na watu wazima na akili zao wanajaza sahani utadhani wanahama. Pilipili yao ya kusaga wanaitia kila mahali, si mbaya, ila usitegemee ikukumbushe kwenu. Kuna Wazungu wanaamka alfajiri, si kwa sala, wanakwenda kutandika taulo zao juu ya viti vya kando ya bwawa, kisha wanarudi kulala. Bahari yao baridi, mtu wa Maskati ukitia mguu utapiga ukelele. Na ufukweni kuna bwana mmoja na ngamia wake, atakufuata huku na huku, "Madamu, ngamia, madamu, ngamia!" Mwambie umetoka Omani. Atacheka, halafu atakufuata tena.

Shoga yangu akacheka mpaka akapaliwa, akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili. Mie nikageuka papo hapo kutazama mlangoni, simu iko sikioni.

"Upo?"

"Nipo. Mtandao tu huu."

Mtandao ulikuwa salama salimini. Ila baba yangu alikuwa akikohoa vile vile, mara mbili, kila akifika mlangoni, ili wanawake waliomo ndani wajiweke sawa kabla hajaingia. Ndivyo walivyolelewa wanaume wa zamani. Na hilo ndilo ambalo sikumweleza shoga yangu, maana utaanzia wapi kumwambia mtu mwenye furaha? Sikumwambia kuwa mtu mliyemzika kwenu Sib, ufukweni mwa Maskati, ukamwona akitolewa nyumbani kwa macho yako, unaweza kumkuta Tunisia kashatangulia na kitanda chake kishatandikwa.

Safari ile ilikuwa ya baba. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati kijana, kafanya kazi serikalini mpaka kastaafu, na umri wake wote hakuwahi kulala hotelini ila kwa kazi au kwa umra. Siku moja tumekaa ukumbini, televisheni inaonyesha mji mweupe wenye milango ya buluu, na mbele ya bahari wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wamejilaza vitini.

"Mie nnataka ile," akasema.

"Ile nini, baba?"

"Ile ya kutofanya kitu."

Kaka yangu alikuwepo, naye mdomo wake hauna breki. "Baba, bahari hii hapa, hatua mbili. Ukitaka kulala ufukweni nikupelekee godoro sasa hivi."

"Sib nikilala ufukweni watu watakuja kuniuliza kama nimekufa," baba akajibu. Tukacheka sote, mama zaidi kuliko sisi.

Akakata nafasi tatu: yake, ya mama, na yangu. Yangu kwa sababu mie ndiye niliyebaki nyumbani. Niliolewa, nikaachika, nikarudi chumbani kwangu kule kule, na anayenionea huruma namwambia ajionee yeye kwanza. Baba aliweka pasi zetu zote tatu katika mkoba mmoja mdogo wa ngozi, akaufunga, akampa mama autie kabatini. "Zisitengane," akasema.

Hakufika. Siku moja alikula mchana, wali na papa mkavu, akasema usingizi umemlemea, akaenda kujinyoosha. Alasiri mama keshatayarisha kahawa, chupa iko mezani, tende ziko kwenye sahani, akaenda kumwamsha. Nilikuwa jikoni. Sikusikia ukelele. Nilisikia mama akimwita kwa sauti ya kawaida, mara moja, mara ya pili, halafu akawa hamwiti tena.

Mama kakaa eda yake sawasawa, hana la kulaumiwa. Hakutia manukato, hakutoka, hakuvaa la kuvaa. Lakini neno lenyewe, kafa, hakulitamka. Wanawake waliokuja kutupa pole walimwambia, "Mungu akupe subira, mwenzetu," naye akijibu, "Karibuni kahawa." Wakimtaja marehemu, yeye alisema "bwana." Bwana hapendi mlango huu ukiachwa wazi. Bwana leo joto limemchosha.

Na kahawa ndiyo iliyokuwa balaa. Asiyejua desturi zetu nimweleze: mtu anayemimina kahawa hakuulizi umetosheka au la. Anamimina kidogo, unakunywa, anamimina tena, mpaka utikise kikombe kwa mkono, hivi na hivi, ndipo ajue umeshiba akuache. Baba hakuwa na haraka ya kutikisa. Mama alikuwa akimtania, "Bwana huyu atakunywa chupa, ataniomba na birika." Basi baada ya kumzika, kila alasiri mama aliweka vikombe vitatu. Anamimina changu, chake, na cha baba. Cha baba kinapoa, anakimwaga katika bakuli, anamimina kingine.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Mama, hicho cha nani?"

"Cha babako," akanitazama kana kwamba mie ndiye niliyepungukiwa na akili. "Hajatikisa."

Nilikuwa na hofu, na nnaisema wazi. Mama alikuwa anatuponyoka. Chakula anadona. Nguo zinampwaya mabegani. Akaanza kunigawia vitu vyake, leo pete, kesho kanga za kale, "Chukua wewe, mie sina kazi navyo." Usiku namsikia anaongea chumbani, maneno ya kawaida tu ya mke na mume, kisha ananyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha anajibu. Nilijua ninachokiona. Nilikuwa namwona mama yangu akimfuata mumewe pole pole, kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa akimzuia.

Kaka akasema tuivunje safari, tumpeleke mama kwa daktari. Mama hakupandisha sauti. "Kakata yeye. Tutakwenda. Atakasirika."

Nikamuunga mkono mama, nikagombana na kaka kwa ajili yake. Nilikuwa na hesabu yangu moyoni. Nyumbani kila kiti ni cha baba, kila mlango aliukoholea. Kule hakuwahi kukanyaga. Nikajiambia, tukifika huko, mahali pasipo na kiti chake, itabidi mama amwachie. Loo! Usilolijua ni usiku wa kiza.

Tukabadilisha ndege, tukafika tumechoka, mama kanyooka kama mwiko. Mapokezini binti mmoja mwenye uso mzuri akatukaribisha kwa Kiarabu chao kile, kinakwenda mbio, unaambulia nusu, nusu nyingine unakisia. Akaomba pasi. Mama akatoa mkoba wa ngozi, akautoa mzima mzima kama ulivyofungwa. Binti akatoa pasi tatu. Akanivisha mie bangili, akamvisha mama, akashika ya tatu, akaangaza.

"Na haji yuko wapi?" Kwao kila mzee wa heshima huitwa haji.

Hapo ndipo nilipokuwa niseme. Mdomo niliufungua. Mama akanitangulia.

"Yuko nyuma, anakuja."

Na mie, wallahi nnasema kweli, niligeuka nikatazama nyuma.

Bangili ya tatu mama aliifunga kwenye mkono wa sanduku la baba. Ndiyo, alilibeba. Nilidhani kapakia nguo zake mwenyewe nyingi. Kumbe mlikuwa na kanzu za baba, kofia zake za kushonwa kwa mkono, hata kandambili zake za kwenda msikitini. Kanzu akazitundika kabatini kwenye chumba kile, moja moja, akazinyoosha mabega.

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu. Juu ya kila kitanda yule mama wa usafi alikunja taulo mfano wa bata, akamtilia na ua jekundu mgongoni. Bata watatu wanatutazama. Siku ya pili asubuhi kitanda cha dirishani kilikuwa kimekunjika shuka. Nikasema moyoni, mama kakaa pale alipokuwa akisali. Siku ya tatu taulo la tatu lilikuwa bichi. Nikasema mama huyu anatumia mawili. Kila kitu nilikipatia maelezo, mie mtu wa kusoma bwana, siogopi mashetani. Ila kila jioni, mwanga ukianza kukata, nilisikia kikohozi kule nje ya mlango, kwenye ujia mrefu ule wa vyumba. Mara mbili. Hoteli imejaa watu, atakosekana mwenye mafua? Lakini mama alikuwa akivuta mtandio kichwani. Na mkono wangu na wenyewe, kabla sijauamrisha, ulikuwa kichwani ukitafuta mtandio.

Nje maisha yalikuwa yanaendelea kama walivyoahidi katika televisheni. Vijana wa hoteli wanawachezesha wageni majini, muziki juu, mzungu mmoja mnene kaiva kwa jua, rangi ya kamba wa kuchemsha. Familia za Kialjeria zimekuja na bibi zao, wanawapepea, wanawalisha matikiti. Muuza maua anapita na vishada vya asmini vilivyofungwa kwa uzi, na harufu ile ikanipiga, maana nyumbani asmini tunaitia kichwani, Unguja wakiitandaza vitandani. Mama akanunua kishada, akakiweka juu ya mto. Si mto wake.

Ufukweni alipanga viti vitatu. Mtu akija kutaka kile cha tatu, anamwambia kwa adabu, "Kina mwenyewe." Basi tukakaa, mama, mie, na kiti, tunaitazama bahari, hatufanyi kitu.

Wafanyakazi wa hoteli wakatuingilia katika maradhi yetu kwa wema wao. Mhudumu wa meza yetu, mtu mzima mwenye upara, kila mlo anaweka sahani tatu. "Haji hajambo leo?" anamuuliza mama. "Kapumzika," mama anajibu. Yule akatikisa kichwa kwa huruma, akadhani mgonjwa. Jioni ile ikaletwa chumbani supu ya shayiri, imefunikwa, na limau pembeni, mpishi kampikia haji. Mama kapokea, kashukuru. Nilikwenda kuoga. Nilipotoka bakuli lilikuwa tupu. Sikumuuliza nani kainywa, na mpaka leo sijamuuliza. Nilijisemea, kama ni yeye, alhamdulillahi, angalau kala.

Ningeweza kuyamaliza kwa neno moja. Kila siku nilijiapiza, leo nitakwenda mapokezini nimwambie yule binti, jamani sisi ni wawili. Nikifika mlangoni narudi. Nikijiambia namwonea huruma mama. Nilikuwa nnaamini hivyo khasa.

Sasa njoo kwenye kioja chenyewe, na hiki nilikaribia kumweleza shoga yangu, maana bila ya mwisho wake kinachekesha. Sisi watu wa Maskati magharibi ikiingia hatukai bila kufukiza. Nyumba, nguo, nywele, vyote vinapita kwenye moshi. Hapa kwetu hata ukiingia hotelini unakuta chetezo mlangoni kinafuka, na hakuna anayepiga kelele. Basi mama kachukua chetezo chake kidogo, makaa, udi na lubani, kavitia katika mzigo. Jioni moja, kabla hatujateremka kula, akawasha makaa barazani, akatia udi, akakiweka chetezo ndani ya kabati, chini ya kanzu za baba, akafunga mlango wa kabati ili moshi uingie vizuri nguoni. Kwetu kila mwanamke hufanya hivyo. Mie nilimwona, wala halikunipitia kichwani kuwa kuna kosa. Tukafunga chumba, mlango wa baraza tukauacha wazi, tukateremka.

Usiku ule uwanjani palikuwa na onyesho la wageni. Kijana mmoja kavaa kama Firauni, kofia ya dhahabu, fimbo, kifua wazi, anapita mezani kupiga picha na watoto. Mama akaniambia, "Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni," akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike. Nikafurahi mie kupita kiasi, nikaona hewa imeanza kumkubali.

Hapo hapo king'ora kikalia.

Basi ilikuwa mtihani. Watu wanatoka kila upande, wengine nguo za kuogelea zinachuruzika maji, mmoja kajifunga taulo na povu kichwani, mwingine kakimbia na sahani yake na anaendelea kula. Tukasukumwa sote mpaka kwenye majani. Mama na buibui lake kasimama katikati ya watu nusu uchi, hatazami kushoto wala kulia. Nikainua macho, nikaona moshi unatoka kwenye baraza moja juu. Nikahesabu madirisha. Chetu.

"Mama," nikanong'ona, "udi!"

"Kwani udi una nini?"

Yule binti wa mapokezi akaja mbio, anapita kwa wageni mmoja mmoja, chumba gani, mko wote? Akafika kwetu, akatutambua, uso ukambadilika. Akatazama bangili yangu, akatazama ya mama, akatazama juu kwenye moshi.

"Haji! Haji yuko wapi? Yuko juu?"

Mlinzi wa hoteli alikuwa nyuma yake, mtu wa makamo, masharubu yameanza mvi, tumbo limemtangulia kidogo. Hakungoja jibu. Alichukua taulo la mtu lililoanguka, akalichovya bwawani, akajifunika pua na mdomo, akashika njia ya ngazi. Haji mgonjwa kaachwa kwenye moto. Ndivyo walivyojua wote, maana sisi ndio tuliowaambia.

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Nilisimama na mdomo wazi, mie msemaji, mie ninayemgombeza kila mtu, na yule bwana wa watu anapanda ngazi kwenda kumwokoa baba yangu. Na mahali fulani ndani yangu, Mungu anisamehe, palikuwa pakingoja. Palitaka ashuke naye.

"Rudi!"

Sikumjua aliyepiga ukelele ule mpaka nilipomwona mama yangu kanyanyua mkono. Yule mlinzi akageuka, taulo usoni.

"Rudi, mwanangu, rudi! Hayumo!" Kwa Kiarabu, kila neno limesimama peke yake. "Mume wangu amekufa."

King'ora kilikuwa bado kinalia. Mama akanigeukia mie, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akanirudia kwa Kiswahili chetu, taratibu, apate kuhakikisha imeniingia.

"Babako kafa."

Miezi yote ile nilikuwa nangoja mama aliseme neno lile, nikiamini siku akilisema atapona. Sikujua kuwa mie ndiye nitakayeanguka. Nikakaa juu ya majani, nikalia kilio ambacho sikumlilia siku ya kumtoa, wala siku ya khitma. Nililia kwa sauti. Kumbe muda wote mama alipokuwa akimmiminia kahawa, na mie nilikuwa na baba. Alipokuwa akisema "bwana," na mie nilikuwa nikisikia. Yeye alisimama mlangoni akauzuia usifungwe, na mie nilijibanza nyuma yake nikajifanya nataka ufungwe.

Mlinzi akateremka ngazi, taulo linachuruzika kwenye sare yake. Akaja akapiga goti mbele ya mama. Hakuuliza mbona mlisema hivi, mbona mlisema vile. Akafungua mikono, akaanza kusoma Fatiha. Yule binti akafungua mikono yake. Mhudumu mwenye upara, mabibi wa Kialjeria, wapishi waliotoka na aproni zao. Yule Firauni akaiweka fimbo yake chini, akaivua kofia ya dhahabu, akasoma nao, rangi ya macho inamchirizika mashavuni. Wazungu hawakujua kuna nini, lakini wakanyamaza, mmoja akalivuta taulo lake juu akajisitiri kifua. Basi baba yangu aliyeogopa kulala ufukweni Sib watu wasije wakauliza kama amekufa, kasomewa kando ya bwawa la kuogelea.

Meneja alikuja baadaye na chetezo mkononi, kakishika kwa kitambaa. Alikuja kugomba, nilimwona. "Mama, hili hapa marufuku."

"Sisi kwetu nyumba isiyofukizwa haina wenyewe," mama akamwambia. "Nisamehe. Sikujua." Meneja akamrudishia chetezo chake.

Tulipopanda chumbani, kanzu zilikuwa zinanuka udi mpaka barazani, nzima, hata alama hazina. Mama akazitoa kabatini zote, akazikunja juu ya kitanda cha dirishani. Asubuhi akamwita yule mlinzi. Kwetu nguo za marehemu zinatolewa sadaka, na zile zilikuwa zimengoja muda mrefu. "Huyu alikuwa tayari kuingia motoni kwa ajili yake," mama akaniambia. "Nani mwingine azivae?" Yule bwana alizipokea kwa mikono miwili, akalia bila ya kuona haya. Siku iliyobaki tulichukua viti viwili ufukweni. Bwana wa ngamia akaja, "Madamu, ngamia," na mama akamwambia kuwa ngamia wake kakonda, amlishe kwanza.

Hiyo ndiyo likizo yangu ya Tunisia. Sasa nimwambie nini shoga yangu? Atarajie nini?

Tuliporudi Sib, mama alilala mpaka karibu adhuhuri, akaamka akaomba samaki. Si mkate na chai, samaki. Nilimkaangia, akamla mpaka mifupa akaifyonza. Kaka alikuja, akasimama mlangoni anamtazama anavyokula, akageuza uso upande wa barabara.

Alasiri nikatayarisha kahawa. Mama kaketi mahali pake, kashika chupa, hamimini. Ananitazama.

"Nani kaweka hicho?"

Nikatazama mezani. Vikombe vitatu. Mama alikuwa hajanyanyuka pale. Nilikuwa nimeviweka mie, kwa mkono wangu, changu, chake, na cha baba mbele ya kiti chake, na sina kumbukumbu ya kukiweka.

Nikanyoosha mkono nikiondoe, nimeona haya. Mama akanizuia. Akakimimina kile cha tatu kwanza, kidogo, kama anavyomimina sikuzote, akakisogeza mbele yangu.

"Kinywe wewe," akasema. "Umtikisie."

Nikakinywa. Kilikuwa cha moto, iliki imezidi, jinsi baba alivyokuwa akipenda. Mama akangoja, chupa mkononi, mdomo wa chupa umeelekea kikombe. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, naye akauacha utulie kwanza, maana kikombe kinachotetemeka si kikombe kilichotikiswa.

"Kashiba?" akaniuliza.

Nikatikisa.